Je, Umemsikia Kabla ya Kumshauri?

Miaka mingi iliyopita tulikuwa zamu ya usiku katika wodi ya wazazi. Mama mmoja, baada ya uchungu wa siku nzima, alijifungua mtoto ambaye hakulia. Tulimsafisha, tukampa dawa, tukamfunika shuka safi. Alipoanza kulia kwa sauti tulimwendea upesi, tukamwambia maneno ambayo kila msomaji wetu ameyasikia: "Nyamaza mama, usilie. Mungu ana makusudi yake. Wewe bado kijana, utapata mwingine." Akanyamaza. Nasi tukarudi mezani kuandika ripoti ya zamu, tukiwa tumeridhika kwamba tumemfariji.

Miaka kadhaa baadaye tulikutana naye kwenye semina ya akina mama kanisani, akiwa na mtoto mgongoni. Tulimkumbusha usiku ule tukidhani atatushukuru. Alituambia kwa upole: "Sista, usiku ule mlininyamazisha. Nilitaka mtu mmoja tu aniulize mwanangu alifanana na nani. Hakuna aliyeniuliza. Nikalia kimoyomoyo miaka miwili."

Hatukuwa na la kujibu. Maneno yale hatukuyasema kwa ubaya. Tuliyasema kwa sababu kilio chake kilitutisha, nasi tulitaka kiishe. Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza: mtu mwenye jeraha la moyo husaidiwaje? Kwa Kiswahili kazi hii tumeiita "ushauri nasaha", na maneno yote mawili yanatuelekeza kwenye kumpa mtu mawaidha. Ndiyo maana wengi wetu tunadhani kwamba mshauri mwema ni yule mwenye majibu mengi. Hata hivyo, kuna wataalamu ambao walitumia maisha yao yote kuonesha kwamba mambo sivyo yalivyo. Katika makala haya tutawatazama wanne kati yao, tuone wanapopatana, wanapotofautiana, na yale tunayoweza kuyatumia sisi akina mama majumbani mwetu.

NJIA YA TATU

Hadi katikati ya karne ya 20, tiba ya nafsi huko Ulaya na Marekani ilikuwa na njia kuu mbili. Ya kwanza ilitoka kwa Sigmund Freud wa Vienna, aliyefundisha kwamba mateso ya mtu mzima yana mizizi katika mambo yaliyofichika tangu utotoni, na kwamba mtabibu ndiye wa kuyafasiri. Ya pili ilishughulika na tabia tu: mtu hujifunza tabia kwa thawabu na adhabu, na kwa njia hiyo hiyo aweza kufundishwa upya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wanasaikolojia kadhaa wa Marekani, akiwamo Abraham Maslow, walisema kwamba njia zote mbili zimemsahau mtu mwenyewe. Mtu si mashine ya kutengenezwa, wala si rundo la maradhi. Ana uwezo wa kuchagua, kukua na kuyapa maisha yake maana. Maslow aliuita mkondo huo nguvu ya tatu. Sisi tutauita saikolojia ya utu. Ndani yake mna watabibu wa namna nyingi, na hawafanani hata kidogo kwa jinsi wanavyoketi na mgonjwa.

MAMA ALIYEGEUKA MLANGONI

Carl Rogers alizaliwa mwaka 1902 karibu na Chicago, katika familia ya Kiprotestanti yenye msimamo mkali. Alianza kusomea kilimo, akaingia chuo cha theolojia mjini New York, kisha akahamia saikolojia. Kuanzia mwaka 1928 alifanya kazi na watoto wenye matatizo katika mji wa Rochester.

Huko alikuja mama mmoja aliyekuwa na mtoto wa kiume mtukutu sana. Kwa elimu yake Rogers aliona wazi kwamba chanzo cha utukutu huo ni jinsi mama alivyomkataa mtoto tangu akiwa mdogo. Kwa vikao vingi alijaribu kumwonesha jambo hilo kwa upole, lakini mama hakuliona. Mwishowe Rogers alikiri kwamba wameshindwa, na wote wawili wakakubaliana kuacha. Mama akainuka, akaelekea mlangoni. Kabla hajatoka akageuka na kuuliza kama mahali pale hupokea pia watu wazima. Alipojibiwa kwamba ndiyo, alirudi akaketi, akaanza kumwaga yaliyokuwa moyoni: ndoa iliyovunjika ndani kwa ndani, mume asiyeelewana naye, na hisia kwamba ameshindwa maisha. Rogers alieleza baadaye kwamba tiba yenyewe ilianza pale, na mwishowe ilimfaa mama huyo na mwanawe pia.

Somo alilolipata Rogers twalijua sisi kwa methali yetu: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwenye maumivu ndiye ajuaye panapouma. Kazi ya mtabibu ni kumtengenezea mahali pa salama ili aweze kupaonesha.

Mwaka 1957 Rogers alieleza kwamba mtabibu anahitaji mambo matatu makubwa. La kwanza ni kumpokea mtu bila masharti, yaani asijisikie kwamba atapendwa tu akiwa mwema. La pili ni kuingia katika hali ya mwenzako, ukaona mambo kama ayaonavyo yeye, bila kujisahau wewe ni nani. La tatu ni ukweli wa nafsi: usijifanye mpole huku moyoni umechukia, kwa sababu mgonjwa huigundua sauti ya uongo.

Yafanyikeje hayo kwa vitendo? Tuseme jirani amekuja kwako na kusema, "Nimechoka na nyumba ile." Wengi wetu tutamjibu, "Vumilia, ndoa ndivyo zilivyo." Mwingine atasema, "Ondoka, kwenu si wapo?" Yule aliyejifunza kwa Rogers atasema kitu kama, "Unaona umefika mwisho wa nguvu zako." Kisha atanyamaza na kungoja. Ni jibu dogo, lakini linamwambia jirani kwamba amesikika, na kwamba aweza kuendelea kusema.

Njia hii ina ndugu zake hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba wa Uganda, ambaye mume wake alikuwa amefariki kwa UKIMWI, alianzisha pamoja na wenzake shirika la TASO. Wakati ule dawa za kupunguza makali ya virusi hazikuwapo. Walichoweza kumpa mgonjwa ni huduma, heshima, na mtu wa kuketi naye bila kumnyanyapaa. Sisi tulioingia uuguzi baadaye tuliukuta msingi huo umeshawekwa: kabla ya kumpa mtu majibu ya kipimo, umsikilize kwanza.

KUMEZA BILA KUTAFUNA

Mtaalamu wetu wa pili ni mtu wa namna nyingine kabisa. Fritz Perls alizaliwa Berlin mwaka 1893, akawa daktari, na alikuwa katika mahandaki ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Yeye na mkewe Laura walikuwa Wayahudi. Hitler aliposhika utawala mwaka 1933 walikimbilia Uholanzi, kisha mwaka 1934 wakahamia Afrika Kusini. Walikaa Johannesburg zaidi ya miaka kumi, wakalea watoto wawili huko, kabla ya kuhamia New York. Tiba yao inaitwa geshtalti, neno la Kijerumani lenye maana ya umbo zima.

Jambo moja katika mafundisho yao litamgusa kila mama aliyewahi kumwachisha mtoto ziwa. Laura alikuwa amechunguza kwa makini jinsi watoto wachanga wanavyolishwa na wanavyoanza kutafuna, na uchunguzi huo uliingia katika kitabu cha kwanza cha mumewe, kilichoandikwa huko Afrika Kusini katika miaka ya 1940. Mtoto asiye na meno humeza kila anachopewa. Meno yakitoka huanza kuuma, kutafuna na kutema asichokitaka. Ndivyo ilivyo kwa maneno pia. Mtu mzima aliyemeza maneno ya wengine bila kuyatafuna hubaki nayo tumboni kama mawe. "Wewe ni mzito wa akili." "Mwanamke mwema hakasiriki." "Mtoto wa kwanza hana haki ya kuchoka." Maneno hayo si yake, lakini anaishi nayo kama sheria.

Mtabibu wa geshtalti hataki hadithi ndefu za zamani. Hutazama kinachotokea sasa hivi: sauti iliyokwama kooni, mkono uliokunja ngumi, mguu unaotikisika. Mojawapo ya mbinu zake mashuhuri ni kiti kitupu. Mtu huketi akikabili kiti kisicho na mtu, akamwambia baba aliyekufa au mume aliyeondoka maneno ambayo hakupata kumwambia. Kisha huhamia kiti kile na kujibu kwa niaba ya yule asiyekuwapo. Kwa macho huonekana kama mchezo wa watoto, lakini wengi wametokwa na machozi yaliyozuiliwa miaka ishirini.

MAMA MMOJA, WATABIBU WAWILI

Tuna bahati kwamba njia hizi mbili zimewahi kulinganishwa juu ya mtu mmoja. Mwaka 1964 huko Marekani ilipigwa filamu ya mafunzo ambamo mama mmoja, anayejulikana ndani yake kwa jina la Gloria, alizungumza siku moja na Rogers, na Perls, na mtabibu wa tatu aitwaye Albert Ellis, ambaye njia yake ya kusahihisha fikra ni ya mkondo mwingine. Gloria alikuwa mwenye umri wa miaka 30 hivi, ameachana na mumewe, analea watoto.

Alikuja na mzigo ambao mama yeyote atauelewa. Binti yake wa miaka 9 alikuwa amemuuliza kama amewahi kulala na mwanamume tangu aachane na baba. Mama akajibu hapana, na huo ulikuwa uongo. Tangu hapo uongo ule ulimtafuna. Alimtaka Rogers amwambie waziwazi: nimwambie mtoto ukweli, au ukweli utamdhuru?

Rogers hakumpa jibu. Alimwambia kwamba angependa kumpa, lakini jambo kama hilo hakuna awezaye kulijibu kwa niaba yake. Gloria hakufurahi kwa dakika za kwanza. Rogers akaendelea kumsikiliza, akimrudishia kwa maneno yake mwenyewe alichokuwa anakisema. Taratibu Gloria akagundua kwamba mtoto si shida peke yake. Yeye mwenyewe hakuweza kujikubali, na alitaka mtu mkubwa ampe ruhusa. Karibu na mwisho alisema angetamani awe na baba wa kuzungumza naye namna ile.

Kwa Perls mambo yalikuwa moto. Gloria alisema anaogopa, huku akitabasamu. Papo hapo Perls akamwambia kwamba hamwamini, kwani mwenye hofu hatabasamu. Alimshutumu kwamba anajifanya. Gloria akakasirika, akamjibu kwa ukali, naye Perls akaipokea hasira ile kama kitu cha kweli kilichotoka nyuma ya tabasamu la uongo.

Nani alimsaidia zaidi? Siku ile ile Gloria alisema kwamba kwa hali aliyokuwa nayo, Perls ndiye angeweza kumfaa. Lakini aliyeendelea kuwasiliana naye kwa barua hadi alipofariki, miaka kama kumi na tano baadaye, ni Rogers. Aliomba hata awahesabu Rogers na mkewe kuwa wazazi wake wa kiroho. Sisi tunajifunza jambo moja hapo. Kutikiswa kwaweza kumwamsha mtu kwa siku moja, lakini mtu hurudi mahali alipopokelewa.

Tuseme pia kwa haki kwamba ukali ule haukuwa sheria ya geshtalti yote. Laura Perls alisisitiza kwamba mtu apewe kwanza egemeo la kutosha, ndipo akabili jambo gumu.

MAANA ILIYOBAKI

Njia ya tatu ilipita katika moto halisi. Viktor Frankl, daktari wa magonjwa ya akili wa Vienna, Myahudi, alikuwa amepata viza ya kwenda Marekani kabla ya kukamatwa. Alisita kuwaacha wazazi wake wazee. Alisimulia kwamba nyumbani alikuta kipande cha marumaru ambacho baba yake alikiokota katika sinagogi lililobomolewa. Kilikuwa na herufi ya amri ya kuwaheshimu baba na mama. Akaiacha viza ipite. Mwaka 1942 alipelekwa kambini pamoja na mkewe na wazazi wake. Alipokombolewa mwaka 1945 baba, mama, kaka na mke wote walikuwa wamekufa.

Frankl alifundisha kwamba kiu kubwa ya mwanadamu ni maana, na tiba yake inaitwa logotherapia, yaani tiba kwa njia ya maana. Kuna maana katika kazi tunayoifanya, katika upendo, na hata katika namna tunavyoyabeba mateso ambayo hayaepukiki. Tuseme neno hilo mara mbili: ambayo hayaepukiki. Frankl mwenyewe alionya kwamba kuteseka bila sababu wakati unaweza kuondoa chanzo chake si ushujaa.

Aliandika habari za mama mmoja aliyeletwa hospitalini kwake baada ya kujaribu kujiua. Mtoto wake mdogo alikuwa amefariki, naye amebaki na mkubwa, aliyelemazwa na polio. Katika kikao cha kikundi, Frankl aliwataka wanawake wawili wajione wako vikongwe wa miaka 80, wakitazama nyuma. Wa kwanza, aliyejiwazia maisha ya mali na starehe bila watoto, aliishia kusema kwamba hayakuwa na maana. Kisha yule mama akasema kwamba alitaka watoto na akawapata. Mmoja alikufa. Mwingine, mlemavu, angepelekwa katika nyumba ya kutunzia watu kama yeye asingemlea, na amempa maisha bora kadiri ilivyowezekana. Akalia, lakini akasema kwamba maisha yake hayakuwa bure.

Angalieni, akina mama: Frankl hakumwambia kwamba Mungu alikuwa na makusudi. Alimuuliza, na jibu likatoka kinywani mwake. Tofauti kati ya usiku ule wa wodini na kikao hiki ni hiyo. Huenda maneno yanayofanana yakasemwa, lakini maana unayopewa na mtu mwingine ni jiwe la kumeza, na maana uliyoipata mwenyewe ni chakula.

NYUMBA NZIMA IKETI

Wa nne ni mwanamke. Virginia Satir, aliyezaliwa Wisconsin mwaka 1916, alianza kama mwalimu aliyekuwa akiwatembelea wanafunzi majumbani kwao, kisha akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Mwaka 1951 alikuwa akimtibu binti mmoja ambaye baada ya miezi kama sita alionekana amepata nafuu. Mara mama wa binti akatishia kumshtaki kwa kumtenga na mwanawe. Satir alisikia mambo mawili ndani ya tishio lile: ukali, na ombi la msaada. Akamkaribisha mama naye aje. Binti akarudi nyuma kama mwanzo. Baadaye akamwita baba, kisha kaka, na hapo ndipo alipouona ugonjwa wenyewe: ulikuwa katika jinsi watu wa nyumba moja wanavyosemezana.

Satir alieleza tabia nne tunazozikimbilia tukiwa tumebanwa. Kuna anayebembeleza, ambaye kila kitu husema "ni kosa langu". Kuna anayelaumu, kidole mbele. Kuna anayejikausha, akizungumza kama kitabu bila hisia. Na kuna anayerukaruka, akichekesha au kubadili mazungumzo kila jambo zito linapokuja. Alizoea kuwasimamisha watu wa familia kama sanamu, huyu amepiga magoti, huyu amenyoosha kidole, ili waone kwa macho yao wanavyoishi. Njia ya tano, ambayo ndiyo aliyoifundisha, ni kusema lililo moyoni kwa uso unaolingana na maneno, bila kumponda mwenzako wala kujiponda.

Jaribu, msomaji wetu, kutazama meza yako ya chakula wiki hii. Nani anabembeleza? Nani analaumu? Je, wewe ni yupi?

IPI ILIYO BORA?

Kwa ufupi tunaweza kusema hivi. Rogers hungoja, akiamini kwamba aliyepokelewa atajiongoza. Perls huchokoza, ili kilichofichika kitoke sasa. Frankl huuliza mbele: maisha yanakudai nini bado? Satir huwaketisha wote, kwa sababu mtu mmoja mara nyingi hubeba ugonjwa wa nyumba nzima.

Kwa maoni yetu, kila jeraha lina mlango wake. Aliyefiwa juzi hahitaji kuchokozwa, wala kuulizwa maana ya kifo, anahitaji kusikilizwa. Aliyekwama miaka mingi juu ya neno alilotupiwa utotoni aweza kufaidika na kiti kitupu, mbele ya mtaalamu aliyefunzwa. Aliyepatwa na ulemavu au ugonjwa usiopona aweza, kwa wakati wake, kuuliza swali la Frankl. Na kijana anayesumbua nyumbani pengine asipelekwe peke yake kwa mshauri, tuende wote. Lakini hapo tuweke onyo: palipo na kipigo, mke asiketishwe na mume katika kikao kimoja kusema yaliyo moyoni. Atalipia maneno hayo wakirudi nyumbani. Usalama wake kwanza.

Wengine watauliza: je, kumpokea mtu bila masharti si kubariki dhambi? La hasha. Kumpokea mtu ni jambo moja, kukubali kila alichotenda ni jingine. Mzazi yeyote analijua hilo. Hata hivyo swali hili ni la haki, na lilizuka miongoni mwa wanasaikolojia hao hao. Mwaka 1982 Rollo May, aliyewahi kuwa mchungaji, alimwandikia Rogers barua ya wazi akisema kwamba anauona wema wa binadamu tu na kuusahau uovu ulio ndani yake. Sisi tunaofundishwa juu ya toba tutaona May alikuwa na hoja. Lakini tutakubali pia kwamba hakuna aliyewahi kutubu kwa kweli mbele ya mtu aliyemwogopa.

Je, utafiti unasemaje? Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu 510 wenye sonona. Baadhi yao walipewa tiba ya mkondo wa Rogers, na wengine tiba ya kurekebisha fikra na tabia. Baada ya miezi 6 makundi yote mawili yalikaribiana. Baada ya mwaka mmoja, kundi la pili lilikuwa na nafuu zaidi. Kwa hiyo kusikilizwa ni tiba kweli, lakini si dawa ya kila kitu.

TUFANYE NINI SISI?

Hatukuambii, mama mpendwa, ugeuke mtabibu. Lakini mwenzako akija na machozi, yapo mambo machache unayoweza kuyafanya leo.

Kwanza, keti chini. Mtu aliyesimama na funguo mkononi hasikilizi. Pili, usimkatize kwa habari zako. "Hata mimi yalinipata" mara nyingi huufunga mlango. Tatu, rudia kwa ufupi ulichosikia, umuulize kama ndivyo. Nne, vumilia kimya. Marafiki wa Ayubu walifanya vema siku saba walizoketi naye chini bila kusema neno. Walikosea walipoanza kueleza sababu. Tano, alichokuambia kibaki kwako. Kisigeuke ombi la maombi mbele ya kikundi bila ruhusa yake. Maombi ni mema, lakini yasiwe njia ya kumwahi kabla hajamaliza kusema.

Yapo pia mambo yasiyongoja. Mtu akisema anataka kufa, muulize waziwazi, usimwache peke yake, na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Fanya vivyo hivyo kwa mama aliyejifungua ambaye halali hata mtoto akilala, anasikia sauti, au anaogopa kwamba atamdhuru mwanawe. Huo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa. Unatibika, na si aibu wala upungufu wa imani.

Tumalizie tulipoanzia. Siku ile ya semina, baada ya kimya kirefu, tulimuuliza yule mama swali ambalo tulipaswa kumuuliza usiku ule: "Alifanana na nani?" Akatabasamu, macho yakijaa machozi. Akasema alikuwa na paji la uso la baba yake na vidole virefu vya bibi yake mzaa mama. Akatutajia jina walilokuwa wamemchagulia. Tukakaa naye chini ya mwembe hadi watu wa semina walipotuita kwa chai, na hatukumshauri neno lolote.